Kavago kenye kusema kweli

Mutu akipanda treni Lubumbashi, anapita Likasi na kufika Tenke. Pale njia inagawanyika: moja inapanda Kamina, ingine inaenda Kolwezi mpaka Dilolo, kwenye mupaka wa Angola. Njia hii imelisha jamaa nyingi za kwetu.

Reli ilifika Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, mwaka wa 1910, ikitokea kusini. Kwa hiyo tulipata kipimo cha kusini: kati ya chuma mbili ni milimetre 1.067. Ulaya kwa kawaida ni 1.435.

Ndugu walio Ulaya wanaweza kututumia kartoni za tuvago twa kuunganisha na gundi. Ni zawadi nzuri kwa vijana. Lakini kama tunataka treni ya baba zetu, tuchague vizuri.

Kwanza, kipimo. Kartoni ikiandikwa 1/87, reli yake ya milimetre 16,5 ni ile ya Ulaya. Kwa njia yetu tafuta reli ya milimetre 12. Ao chukua 1/64, pale reli ya 16,5 inafaa. Vago ya metre 12 itakuwa karibu sentimetre 14 kwa 1/87, karibu 19 kwa 1/64. Usichanganye hizo mbili.

Pili, mwaka. Chagua mwaka mbele ya kupaka rangi. Zamani ilikuwa BCK, kisha KDL, kisha SNCZ tangu 1974. Leo ni SNCC. Herufi za SNCC haziwezi kusimama Jadotville, kwa kuwa muji ule unaitwa Likasi tangu 1966. Na kama unatengeneza njia ya Jadotville mpaka Tenke kisha 1952, usisahau nguzo na waya za umeme juu ya reli.

Tatu, kazi. Vago wazi ilibeba makaa ya Wankie na mawe ya mugodi. Vago yenye kufunikwa ilibeba unga na vitu vya duka. Ya tanki ilibeba mafuta.

Lakini mutoto akiuliza, «Baba, ilibeba nini tena?», tumujibu namna gani? Katika 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa huku kwetu. Jamaa nyingi zililala siku nyingi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi, zikingoja treni. Wengi walikufa, watoto pia. Vago zilizojua shaba zilijua na machozi yale.

Kwa hiyo, wazazi, mbele ya kufungua kartoni, mwite muzee aliyefanya kazi ya reli. Mwite na mama aliyepanda treni ile, kama angali karibu na kama anapenda kusema. Vijana wasikilize wote wawili. Rangi inaweza kuwa sawasawa na herufi sawasawa, lakini kavago kenye kueleza shaba peke yake kanaficha nusu ya habari, na watoto wetu watakaa na majirani bila kujua kwa nini wengine wananyamaza treni ikipita.