Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Katika nyumba moja ya Kilindoni, kisiwani Mafia, kando ya njia iteremkayo gatini, ipo kompyuta ya mezani ambayo kwa miaka mingi haikuguswa na mkono mwingine ila wa mwenyewe. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache na vitabu vingi. Aliinunua Dar es Salaam mwaka 2014, akaivusha bahari ikiwa imeviringishwa khanga mbili, na tangu siku ile akaifanya sanduku lake la amana.

Ndani ya sanduku hilo mna vitu viwili ambavyo kwake havina kifani. Cha kwanza ni tungo za marehemu mama yake, beti mia tatu na ushei, alizozinukuu kutoka kinywani mwa bibi huyo katika miaka yake ya mwisho. Kwani yeye mwenyewe alizihifadhi kichwani tu na hakuziandika popote. Cha pili ni orodha ya maneno ya vyombo vya baharini, aliyoikusanya kwa mafundi wa kisiwa cha Chole, wanaounda mashua na majahazi kwa shoka, tezo na keekee. Nakala ya pili ya vitu hivyo ilikuwapo katika flashi. Lakini chumvi ya pwani haina simile, na siku moja flashi ile ilikataa kusomeka. Ikabaki nakala moja peke yake.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa ukiiongoza kompyuta hiyo, ila kwa wale waliojiandikisha kuongezewa muda. Jambo hilo lilikuwa limetangazwa miaka kadhaa kabla. Lakini tangazo ni jambo moja, na siku yenyewe kufika ni jambo jingine. Windows 11, mrithi wake, hudai kompyuta iwe na vifaa vya usalama ambavyo mashine za umri ule aghalabu hazina. Kompyuta ya Mwalimu haikuzimika siku hiyo. Iliwaka asubuhi kama kawaida, ikafungua faili zake kama kawaida. Ila viraka vya kuziba nyufa havikuja tena. Kwa mtu wa pwani hali hii haihitaji maelezo marefu: ni chombo kinachoelea vizuri, huku fundi wake wa kukitia kalafati amekwisha kuhama mji.

Mwezi uliofuata alikuja mpwa wake kutoka Dar es Salaam, kijana afanyaye kazi ya kutengeneza kompyuta. Alipitia Nyamisati, akavuka kwa boti, akafika nyumbani shati likiwa na michirizi ya chumvi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Bahari imekupokeaje?”

“Shwari tu, mjomba. Kaskazi bado haijachangamka.”

Baada ya chakula kijana alitoa mfukoni flashi isiyozidi urefu wa kidole gumba, akaeleza kwamba ndani yake mna mfumo endeshi mwingine, wa huria, uitwao Ubuntu. Mwalimu aliiweka mikono yake juu ya kibodi kama mtu azuiaye mlango.

“Humu mna mama yangu,” alisema.

“Ninajua, mjomba. Ndiyo maana huyu mgeni hataingia ndani mpaka wewe mwenyewe umeridhia. Atakaa barazani tu. Ukichoka naye, tunamtoa, na nyumba inabaki kama ilivyokuwa.”

Na ndivyo mambo haya yanavyokwenda. Mfumo wa namna hiyo huweza kuwashwa kutoka katika flashi, ukafanya kazi zake katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, bila ya kuandika neno lolote katika diski. Mtu hujaribu kuandika, kusikiliza, kutazama picha. Akizima, hakuna alama inayobaki. Kijana aliizima kompyuta, akaiwasha huku akibonya kitufe kimoja mara kwa mara, na baada ya dakika chache kikatokea kioo kigeni chenye rangi ya zambarau na machungwa.

Jambo la kwanza alilolitaka Mwalimu lilikuwa kumwona mama yake. Kijana alifungua diski, akafuata njia ya makabrasha, na tungo zikatokea zote, ubeti kwa ubeti. Mwalimu alifurahi, kisha akanyamaza. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiingiza neno lake la siri kila asubuhi, akiamini kwamba bila ya neno hilo hakuna awezaye kuziona tungo zile. Na sasa mgeni wa barazani amezisoma bila ya kuulizwa neno lolote.

“Kumbe nilichokidhani mlango,” alisema, “kilikuwa pazia.”

Kijana alimweleza kwamba ndivyo ilivyo kwa diski yoyote ambayo yaliyomo hayakufumbwa kwa hesabu za siri. Neno la kuingilia humzuia mpita njia. Halimzuii mtu mwenye flashi na robo saa.

Usiku ule Mwalimu hakutaka tena kusikia namna ya kusakinisha. Alitaka kujua jina. Ubuntu ni neno la Kizulu na Kixhosa, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili alitambue: ni ndugu wa damu wa utu. Mfumo uliopewa jina hilo ulitolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, kwa juhudi za Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, waliouhitaji walitumiwa sidii kwa posta bila ya malipo. Lakini mizizi yake imekwenda chini zaidi. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza Marekani kwamba ataandika mfumo mzima ambao kila mtu atakuwa huru kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa, ukiwa umebadilishwa au haukubadilishwa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaandika kiini kilichokuwa kikikosekana, kiitwacho Linux, na punde akakiweka chini ya leseni iliyotungwa na Stallman. Leseni hiyo ina sharti moja zito: anayegawa kazi hiyo, hata akiwa ameibadilisha, hana budi kumpa anayepokea uhuru uleule alioupokea yeye.

Huria, kwa hiyo, si bure. Bure ni habari ya mfuko. Huria ni habari ya ruhusa. Mwalimu alilielewa jambo hilo kwa mfano wa Chole. Hakuna fundi auzaye jahazi kwa sharti kwamba mnunuzi asibandue ubao, asitazame mataruma, wala asimwite fundi mwingine. Mwenye chombo ana haki ya kukijua chombo chake, hata kama hana ustadi wa kukiunda.

Siku ya tatu aliridhia. Kwanza zilifanywa nakala mbili, katika flashi mbili mpya zilizonunuliwa sokoni, na kila moja ikafunguliwa ili kuhakikisha. Ndipo mgeni akaingizwa ndani. Umeme haukukatika, ingawa Mwalimu aliusubiri ukatike kwa saa nzima.

Yaliyofuata hayakuwa sherehe. Printa iligoma siku mbili. Na baya zaidi, tungo za mama zilipofunguliwa katika LibreOffice, programu huria ya kuandikia, zilikuwa zimepinda. Kila anayejua shairi la mizani kumi na sita anajua linavyopendeza machoni: ukwapi upande huu, utao upande ule, na vina vya kati vimesimama wima kama nguzo za baraza. Sasa nguzo zote zilikuwa zimelegea. Utao wa mshororo wa pili umesogea kulia, wa tatu umerudi kushoto. Mwalimu aliudhika, akadhani mgeni amevunja vyombo.

Ukweli ulikuwa mwingine. Miaka yote alikuwa akitenganisha vipande viwili kwa kubonya nafasi, mara nane, mara kumi na moja, hadi jicho liridhike. Mpangilio huo ulitegemea umbo la herufi moja tu, na herufi hiyo haikuwamo katika mfumo mpya. Ikatumika nyingine, yenye upana tofauti. Kosa lilikuwa lake tangu mwanzo, ila halikuwa limepata siku ya kuonekana. Kijana alimwonyesha namna ya kupanga ukwapi na utao katika jedwali lisilo na mistari. Ilimchukua Mwalimu majuma matatu kuzipanga beti zote. Katika kazi hiyo alizisoma upya, moja baada ya nyingine, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi. Na akaona mahali pawili ambapo alikuwa amesikia vibaya na kuharibu kina.

Lugha nayo ilikuwa na kisa chake. Alichagua Kiswahili, na Kiswahili kilikuja kwa vipande: kitufe hiki Kiswahili, jirani yake Kiingereza, katika dirisha moja. Mtu asiyejua historia angedhani ni uzembe. Lakini wapo waliokwisha kulima shamba hili. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili. Haikupita muda mrefu, Microsoft nayo ikatoa tafsiri ya Kiswahili ya programu zake. Wakati ule watu walijadiliana kwa bidii iwapo mashine yenyewe iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi.

Kwa nini basi ukuta umebaki nusu? Mfasiri wa ushairi atalielewa jibu kwa uchungu. Shairi likifasiriwa vyema, tafsiri yake hukaa. Mtunzi harudi kila mwaka kuongeza beti. Programu haiko hivyo. Ubuntu hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, na kila toleo huja na sentensi mpya. Mfasiri akipumzika, Kiingereza hurudi mahali pake kama magugu. Ruhusa ya kufasiri ipo wazi kwa yeyote, wala hahitaji kumpigia mtu goti. Lakini ruhusa haina mikono. OpenOffice yenyewe ilipopasuka mwaka 2010, ikazaa LibreOffice, kazi ya wafasiri wa awali haikupotea, kwa kuwa ilikuwa huria. Ila ilihitaji warithi.

Kazi mojawapo iliyorithiwa hivyo ni kikagua tahajia cha Kiswahili, ambacho msingi wake uliandaliwa na Jason Githeko, msomi wa Kenya. Kiswahili ni kigumu kukikagua kwa orodha ya maneno tu, maana kitenzi kimoja hubeba viambishi vya mtenda, wakati, mtendwa na kauli, kikazaa maumbo yasiyo na idadi. Huhitaji kanuni. Na chombo kinachoweza kuzisoma kanuni za namna hiyo, Hunspell, kiliundwa kwa ajili ya Kihangari, lugha nayo irundikayo viambishi. Mhangari alitatua tatizo la kwao, akaacha mlango wazi. Faida ikafika Kilindoni.

Mwalimu alipoifungua orodha yake ya vyombo, ukurasa ulijaa mistari miekundu. Mashine iliyashuku maneno ya baharini, moja baada ya jingine, kana kwamba ni makosa ya mwanafunzi. Aliyaingiza kwa mkono wake katika kamusi ya mashine: gubeti, foromali, mataruma, mkuku, deheni. Kila neno lililoingia, mstari wake ulifutika.

Kabla ya kuendelea, alichapa kurasa nne, maana printa ilikuwa imekwisha kulainika, akapanda bodaboda hadi Utende, akavuka kwenda Chole. Fundi mmoja mzee alizisoma akiwa ameketi juu ya gogo, miwani imefungwa kwa uzi. Alifika kwenye neno demani, ambalo Mwalimu alikuwa ameliandikia maana ya kamba ya tanga.

“Mwalimu,” alisema, “hii ni kamba, sawa. Na ni upande wa chombo, ule ulio kinyume cha joshi. Na ni majira. Umeandika moja, umezika mawili.”

Mwalimu alichukua kalamu, akaandika pale pale. Kwa muda wote uliopita orodha ile ilikuwa imefungiwa sandukuni ili isiharibike, nayo ilikuwa na kasoro ndani, na hakuna aliyeweza kuiona.

Mpwa wake aliporudi Dar es Salaam alichukua orodha nzima, pamoja na idhini iliyoandikwa ukurasa wa kwanza: mtu yeyote na aitumie, aiongeze na kuigawa, kwa sharti kwamba naye atoe ruhusa hiyohiyo. Kijana aliuliza iwapo tungo nazo zitolewe hivyo.

“Hapana, mwanangu. Maneno ni ya mafundi wote. Tungo ni za mama. Nitawauliza ndugu zangu kwanza.”

Tungo hizo zimebaki Kilindoni, safari hii katika diski iliyofumbwa kwa siri, na nakala yake moja ipo kwa dada yake mkubwa. Ukwapi na utao vimesimama wima.