Ukaazi Si Leseni



Kila mara mitihani ya mwisho inapokwisha katika Kitivo cha Uganga wa Mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, vijana wawili au watatu hunijia na swali moja: njia ya kwenda Kanada ni ipi? Hunijia mimi kwa kuwa wanajua kwamba mdogo wangu wa kike, mganga wa mifugo kama nilivyo mimi, anaishi Moncton tangu mwaka 2024. Wengine huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaungama dhambi. Sioni kwa nini wanong'one. Nimechoka kusikia wazee wakiwaita wanaoondoka wasaliti wa nchi. Nimechoka vilevile kusikia vijana wakiizungumzia Kanada kana kwamba mtu hushuka katika ndege na kuvikwa koti jeupe papo hapo. Basi nawaandikia ninyi nyote, hata mnaosoma uuguzi, ualimu au uhandisi, maana jambo lenyewe linawahusu pia.

Nianze na sababu ya kuondoka kwake. Masomo yetu yalichukua miaka sita. Alipoyamaliza, alipelekwa katika kituo kimoja cha serikali nje ya mji, nacho sitakitaja. Alipewa meza, muhuri na ahadi. Mshahara haukuja mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Aliambiwa kwamba faili yake ilikuwa bado njiani kwenda Kinshasa. Akaishi kwa kile walichompa wenye mifugo: faranga chache, kuku, debe la mahindi. Chanjo alizinunua mwenyewe mjini, akazibeba katika kisanduku cha barafu juu ya pikipiki ya kukodi, na mara nyingi barafu iliyeyuka kabla hajafika. Siku moja aliniambia: «Yaya, ninawadunga mbuzi wa watu maji matupu.» Alisema hivyo bila kulia. Nadhani ndiyo siku aliyoanza kuondoka, ingawa pasipoti aliiomba mwaka mmoja baadaye.

Njia aliyoifuata huitwa Express Entry, mfumo ambao serikali ya Kanada iliuanzisha Januari 2015 ili kuwachagua kwa alama wahamiaji wenye ujuzi. Mkoa wa Québec haumo, kwa kuwa unajichagulia wahamiaji wake kwa utaratibu wake; watu wetu wengi hulichanganya jambo hili, wakapoteza miezi. Alama hutolewa kwa umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi. Umri ndio unaotesa. Asiye na mwenzi wa ndoa hupata alama 110 akiwa na miaka 20 hadi 29. Akifikisha 30 hupata 105. Akifikisha 35 hubaki na 77. Akifikisha 45 hana kitu. Mdogo wangu alikuwa na miaka 29, na nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kuitaja siku yake ya kuzaliwa. Kilichomwokoa ni Kifaransa, kile ambacho shuleni tulichapwa kwa kukikosea: akijuaye vizuri huongezewa hadi alama 50, na tangu mwaka 2023 serikali ile hufanya miito ya pekee kwa wenye lugha hiyo. Mwaliko wake ulikuja mwaka huohuo.

Kisha zikatakiwa fedha. Mwombaji wa aina yake, ambaye hana kazi inayomngoja kule, sharti aonyeshe akiba ya kuanzia maisha. Kwa mtu mmoja, wakati ule, ilizidi dola 13,000 za Kanada, na isiwe ya kukopa. Baba akauza kiwanja chake upande wa Kasapa, alichokuwa amekilipia kidogo kidogo kwa miaka kumi na mmoja. Hakutoa hotuba, alileta karatasi za kiwanja, akaziweka mezani, akaenda kulala. Mama ndiye aliyeuliza: «Na huko, atatibu ng'ombe wa nani?»

Katika maswali yote yaliyoulizwa nyumbani mwetu miezi ile, hilo ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote, na hakuna hata karatasi moja ya uhamiaji iliyolijibu. Ukaazi wa kudumu ni jambo moja, na ruhusa ya kuganga ni jambo jingine, na wanaozitoa hawaketi katika meza moja. Serikali ya shirikisho hutoa ukaazi: haki ya kuishi nchini, kufanya kazi, kusomesha watoto, na baada ya muda kuomba uraia. Lakini uganga wa mifugo husimamiwa na chama cha taaluma cha kila mkoa, nacho hakisomi alama za uhamiaji. Shahada ileile iliyohesabiwa ili kumkaribisha mgeni, chama huiweka kando na kusema: tuonyeshe unachokijua. Hivyo mtu aweza kuwa mkaazi halali, mwenye kadi yake mfukoni, na hata hivyo akimtibu mbwa wa jirani kwa malipo akawa amevunja sheria. Wauguzi na wahandisi nao hukutana na ukuta wa namna hiyo, kila mmoja kwa chama chake.

Kwa aliyesoma katika kitivo kisichotambuliwa huko, njia hupitia baraza la mitihani la chama cha waganga wa mifugo wa Kanada. Kwanza kuna mtihani wa sayansi za msingi na za tiba. Kisha kuna ule uitwao NAVLE, wenye maswali 360, ambao Kanada huruhusu ufanywe kwa Kifaransa. Hufuata tathmini ya upasuaji, na mwisho mtihani wa vitendo wa siku kadhaa: kumlaza mnyama kwa dawa, kupasua, kusoma picha za eksirei, kuchunguza mzoga, kutibu wanyama wadogo, ng'ombe, na farasi. Farasi! Mimi nina miaka kumi na minne ya kazi, na farasi wa Lubumbashi nimewaona kwa mbali tu, wakipandwa na wenye nafasi. Mtu aliyeokoa zizi zima la nguruwe kwa kuitambua homa mapema, akazuia wasihamishwe, aweza kuanguka kwa sababu hajui kumfunga farasi bendeji. Gharama zote pamoja hufika maelfu ya dola. Wapo wanaomaliza, wapo wanaochoka katikati, wakaingia viwandani na kubaki humo.

Sisemi kwamba wanatuonea. Mwenye kumkabidhi mtu mnyama wake ana haki ya kujua kwamba mkono ule umepimwa. Tena wahitimu wa Pretoria, Waafrika wenzetu, hutambuliwa Uingereza na Australia bila kurudia mitihani ya taaluma, kwa sababu kitivo chao kilikubali kukaguliwa na vyama vya nje: maabara, hospitali ya wanyama, idadi ya wagonjwa ambao kila mwanafunzi huwagusa kwa mikono yake. Rangi yetu siyo iliyoifunga njia. Kama wakubwa wa nchi wangenipa nafasi ya kuwaomba jambo moja, ningeomba vitivo vyetu viandaliwe kwa ukaguzi wa namna hiyo. Ungemfaa anayekwenda, na ungemfaa zaidi mbuzi wa anayebaki.

Leo mdogo wangu ni msaidizi katika kliniki moja ya wanyama. Huosha vizimba, huwashika mbwa wakati mwingine anapowadunga, hupokea simu kwa lugha mbili. Hairuhusiwi kumwita daktari. Mtihani wa kwanza ameushinda. Sasa anajiandalia ule wa maswali 360, usiku, baada ya kazi. Huniandikia mambo ya ajabu: «Yaya, huku paka mwenye kisukari huchomwa insulini mara mbili kwa siku, na mwenyewe hulia akichelewa nusu saa.» Hamcheki yule mama wa paka. Anasema amejifunza kwake maana ya kufuata mgonjwa hadi mwisho, jambo ambalo sisi hatukuwahi kuwa na nafasi ya kulifanya.

Baba alifariki mwaka 2025. Watu walisema pale msibani kwamba hakuja kwa kuogopa kunyang'anywa ukaazi. Si kweli. Sheria humtaka mkaazi wa kudumu awe nchini siku 730 katika kila miaka mitano. Majuma mawili ya maombolezo yasingemdhuru. Kilichomzuia ni fedha: akiba aliyokuwa nayo ilitosha tiketi au mtihani, haikutosha vyote viwili. Alimpigia Mama simu. Mama akamwambia: «Kiwanja kilikwisha kuuzwa, mwanangu. Lipa mtihani.» Nami nilisimama kando ya kaburi nimeishika simu juu, ili aone udongo ukishuka. Sina la kuongeza hapo, wala sidhani kwamba mtu yeyote ana ruhusa ya kumhukumu kwa hilo.

Lakini upande wa pili nao useme. Kile kituo cha nje ya mji hakijapata mganga mwingine tangu alipoondoka. Mwaka 2012 Shirika la FAO lilionya kwamba sotoka ya mbuzi na kondoo ilikuwa imeenea nchini mwetu na kutishia kushuka hadi kusini mwa Afrika. Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa kuitokomeza. Mwaka huohuo wa 2030 umewekwa pia kuwa mwisho wa vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishatokea karibu hakuna anayepona, na ambao huzuiwa kwa kuchanja mbwa saba katika kila kumi. Nani atawachanja? Anayeondoka hauchukui ujuzi wake peke yake. Huchukua pia miaka sita ambayo wengi waliilipia. Mjane mwenye mbuzi wanne hakuulizwa maoni yake.

Hata hivyo hesabu hii haifungiki kirahisi. Mwaka jana mdogo wangu alinitumia fedha za kununua jokofu linalotumia nguvu za jua. Lipo nyumbani kwangu, na kipimajoto chake hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kama chanjo zinavyotaka. Tangu hapo sijamdunga mbuzi wa mtu maji. Kwa miaka mitatu alipokuwa hapa, mtumishi wa serikali mwenye muhuri, hakuweza kulipata jokofu kama hilo. Ameliweza kwa mshahara wa kuosha vizimba. Nikilifungua asubuhi, mara nyingine hasira hunishika, wala si juu yake.

Basi, anijiapo kijana, simwambii nenda wala kaa. Namwambia awaandikie watu wa baraza la mitihani kabla ya kugusa fomu yoyote ya uhamiaji, aulize kitivo chake kimewekwa kundi gani, kila hatua ni kiasi gani, huchukua muda gani, na ni lini inafanyika. Ahesabu mitihani pamoja na tiketi, chumba na nguo za baridi. Asimlipe yeyote anayemwahidi leseni pamoja na viza. Hakuna mwenye mamlaka ya kuuza vyote viwili. Kisha namwomba aketi na wazazi wake, awaeleze kwamba huenda kwa miaka mitatu au minne binti yao au mwana wao asiitwe daktari, ili wasije wakaona aibu mbele ya majirani kwa kazi ambayo haina aibu.

Wa mwisho kunijia alikuja juma lililopita, kijana wa mwaka wa sita, na daftari lake. Aliandika yote, akauliza maswali mazuri kuhusu farasi. Alipofika mlangoni aligeuka, akaniuliza kama chanjo ya mbwa ya Jumamosi bado ipo. Nikamwambia ipo, tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, na aje na mfuko wa kubebea sindano zilizotumika.