Ajali Iliyokuwa na Kinga

Kwa siku tatu mfululizo baada ya mdogo wangu kuvunjika mguu, nyumba yetu ilijaa wageni waliokuja kutupa pole. Kila aliyeketi mkekani alitikisa kichwa na kusema maneno yale yale: "Ajali haina kinga." Nami niliitikia kuwa ni kweli, kwani haifai kubishana na mtu aliyeacha shughuli zake akaja kukufariji. Lakini moyoni nilijua ya kuwa ajali ile ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa imeandikwa katika daftari lililokuwa juu ya kabati langu.

Marehemu baba yetu alikuwa sajini jeshini. Alipostaafu, sehemu ya kiinua mgongo chake aliitumia kununua trekta la mkono lililokuwa limekwisha kulima mashamba ya watu wengine kwa miaka mingi. Ni trekta la Kichina la chapa ya Dongfeng, neno ambalo maana yake ni upepo wa mashariki. Lina magurudumu mawili tu na mikono miwili mirefu ya usukani. Likilima, mwendeshaji hutembea nyuma yake. Likivuta tela, huketi mbele ya tela akiwa ameishika mikono hiyo. Injini yake, ya aina ya S195, hutumia dizeli, ina silinda moja iliyolala, na nguvu zake ni za farasi 12. Huku kwetu mashariki mwa Uganda, ambako mashamba ya mpunga ya Kibimba na Doho yalianzishwa kwa msaada wa China, trekta la namna hii si kitu kigeni. Ndugu zetu wa Tanzania huliita pawatila.

Baba alilitunza trekta lile kama alivyofundishwa kuitunza bunduki yake. Hakulilaza chafu hata usiku mmoja. Jioni alilikwangua udongo, akaligusa kila bolti kwa spana, ndipo akaenda kuoga. Kisha aliketi barazani na daftari lake, akaandika tarehe, saa ambazo injini imefanya kazi, na jambo lolote aliloliona. Sisi watoto tulimcheka kwa siri. Tulidhani mzee amekosa gwaride, sasa anakagua vyuma.

Leo ninalo daftari hilo, na ninaona kwamba kila mstari wake ulikuwa na sababu. Oili ya injini hutazamwa kila asubuhi kabla ya kuwasha, trekta likiwa limesimama mahali tambarare, na hubadilishwa kila baada ya saa 100 za kazi. Dizeli huachwa itulie siku mbili katika pipa ili uchafu na maji vizame chini, kisha humiminwa tangini kupitia kitambaa safi. Chujio la hewa, ambalo hufanya kazi kwa kuinasa vumbi ndani ya oili, husafishwa kwa dizeli na kutiwa oili mpya mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi, kwa maana vumbi likipita humo huikwangua silinda kama msasa. Mikanda inayopeleka nguvu kutoka injini hadi klachi hubonyezwa kwa kidole gumba: ikibonyea sentimita mbili au tatu, hiyo ni sawa; ikizidi, imelegea; ikikataa, imekazwa mno na itaziua beringi.

Maji yake pia yana elimu yake. Injini hii haina rejeta kama ya gari. Ina tangi la maji lililo wazi juu, na maji yakichemka mvuke hupanda nao joto huondoka. Asiyejua huogopa akiuona mvuke, akazima injini bila sababu. Linalopasa kutazamwa ni boya jekundu: likishuka, maji yamepungua, nawe huna budi kuongeza. Lakini kama maji yamekwisha kabisa na injini imeshika moto, usimwage maji ya baridi. Chuma chenye moto kikikutana ghafula na maji baridi hupasuka. Zima, kaa kivulini, ngoja ipoe.

Kwa matunzo ya namna hiyo trekta kuukuu lilitulisha. Lililima, likavuta tela la matofali na mahindi, na wakati wa kiangazi injini yake ilifungwa mkanda na kuendesha pampu ya kumwagilia bustani ya mama. Vipuri vyake havikuwa shida, kwani injini za aina hii hutumika pia katika mashine za kusaga unga. Waswahili hawakukosea waliposema kitunze kikutunze.

Baba alipofariki, trekta lilinijia mimi mwana wa kwanza. Mimi nilisomea ualimu, nikapata cheti cha daraja la tatu, nikafundisha shule ya msingi miaka michache kabla ya kuhamia ofisi za wilaya. Ninayataja haya si kwa majivuno bali kwa kujishtaki. Mtu aliyefunzwa namna ya kufundisha ndiye aliyeshindwa kumfundisha ndugu yake jambo moja la dakika tano.

Ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka 2022, msimu wa kuvuna mahindi. Mdogo wangu, ambaye ni konstebo wa polisi, alikuwa nyumbani kwa likizo. Aliniambia, "Kaka, nenda kazini kwako bila wasiwasi. Magunia nitayaleta mimi." Nilifurahi. Nilimwonyesha gia, klachi, na namna ya kuwasha. Nilimwonya juu ya hendeli ya kuwashia: kwamba kidole gumba kiwekwe upande mmoja na vidole vingine, ili injini ikirudisha nyuma isimvunje kifundo cha mkono, na kwamba asiiachie hendeli njiani, bali aishike mpaka injini iwake na hendeli ichomoke yenyewe. Basi nikapanda baiskeli nikaenda zangu.

Asubuhi yote alifanya kazi vizuri katika shamba tambarare. Saa nane mchana akapakia magunia kumi telani, na juu ya magunia akamketisha binti yangu wa miaka saba, aliyekuwa akililia kupanda. Kutoka shambani hadi nyumbani kuna mteremko, nao katikati hukata kona kuelekea kulia. Upande wa kushoto kuna korongo lenye migomba chini yake.

Hapa sina budi kueleza kidogo namna trekta hili linavyogeuzwa. Chini ya kila mkono wa usukani kuna kikamatio kidogo. Ukikibana cha kulia, gurudumu la kulia hukatiwa nguvu ya injini, la kushoto likaendelea kusukuma, na trekta hugeuka kulia. Ndivyo ilivyo mahali tambarare na mahali pa kupanda. Lakini katika mteremko mkali, chenye kusukuma si injini tena, bali uzito wa trekta na mzigo wake. Injini sasa ndiyo inayozuia. Ukikibana kikamatio cha kulia, gurudumu la kulia huachiwa huru likakimbia, na la kushoto hubaki limezuiwa. Matokeo yake trekta hugeuka kushoto. Mkono ule ule, kitendo kile kile, jibu kinyume.

Mdogo wangu aliifikia kona, akabana cha kulia kama alivyofanya tangu asubuhi. Trekta likageuka kushoto. Akadhani hakubana sawasawa, akabana zaidi. Akakanyaga breki ya tela, lakini breki ile ilikuwa imelegea, nami nilikuwa nimeahirisha kuikaza tangu mwezi uliotangulia. Kwa hofu akaikata klachi kuu, na hapo hata kile kizuio cha injini kikaondoka. Trekta, tela, magunia na watu wakaingia korongoni.

Mungu ni mkubwa. Binti yangu alirushwa penye majani ya migomba, akatoka na michubuko tu. Mdogo wangu alibanwa mguu chini ya ukingo wa tela, mfupa wa muundi ukavunjika mahali pawili. Majirani waliinua tela kwa miti, wakamlaza juu ya mlango uliong'olewa, wakampeleka hospitali. Nilipofika alikuwa amekwisha fungwa mguu. Hakunilaumu. Aliuliza habari ya mtoto kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe: "Kaka, mimi nilibana kulia. Naapa nilibana kulia."

Nilijua kuwa alisema kweli. Usiku ule nililishusha daftari la baba, nikafungua ukurasa niliokwisha kuusoma si mara moja wala mbili. Hapo ameandika kwa herufi kubwa: MTEREMKONI VIKAMATIO HUDANGANYA. GIA NDOGO KABLA YA KUSHUKA. GEUZA KWA MIKONO, USIBANE. Baba alikuwa amelijua jambo hilo, nami nililijua. Yeye aliyepewa trekta siku ile ndiye pekee ambaye hakulijua.

Nimelifikiri jambo hili muda mrefu, na ninataka kuwaambia wenzangu, hasa ninyi mlio katika majeshi na polisi, ambao wengi wenu mkistaafu, au hata mkiwa kazini, hununua mashine kuukuu ili familia zipate chakula. Kuruta hapewi bunduki kwa sababu tu ana mikono miwili. Huonyeshwa, huifungua na kuifunga mbele ya mwalimu, hulenga chini ya macho ya mwalimu, ndipo akaaminiwa. Mbona basi trekta, ambalo likiwa na mzigo huzidi tani moja, tunampa ndugu kwa maneno machache huku tumekwisha panda baiskeli?

Mashine mpya aghalabu huja na kitabu chake na vifuniko vyake. Mashine kuukuu kitabu kimepotea, kifuniko cha mikanda kimeng'olewa na fundi asirudishe, na maarifa yake yamebaki katika kichwa cha mtu mmoja. Mtu huyo akinyamaza, mashine huwa mtego.

Kwa hiyo tumeweka sheria nyumbani kwetu. Kabla ya kushuka mteremko, trekta husimamishwa juu, hutiwa gia ndogo, na klachi haiguswi mpaka chini. Hakuna mtu anayepanda juu ya mzigo, hata mtoto akilia. Kifuniko cha mikanda kimetengenezwa upya kwa bati, na mwenye gomesi, kanga au shati lisilofungwa hakaribii injini inayonguruma. Mshipi wa gomesi ukinaswa na mkanda, mwenye kuuvaa hana muda wa kupiga kelele. Yale majembe ya kuzunguka yakiwa kazini, harudi mtu nyuma kwa gia, kwani yanaweza kuikuta miguu yake mwenyewe. Na kama nyasi zimeyazonga, injini huzimwa kwanza ndipo mkono ukaingia. Vifaa hubadilishwa na watu wawili, injini ikiwa imezimwa. Haiwashwi ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake unaweza kuua. Na tela halitoki barabarani usiku, kwa kuwa trekta letu halina taa za kuonekana na mwenye lori.

Lakini sheria iliyo juu ya zote ni hii: hakuna anayepewa trekta kabla ya kufundishwa mteremkoni. Tunampeleka na tela tupu mahali penye mteremko mdogo, pasipo na korongo, kwa mwendo wa kutambaa. Tunamwambia abane kulia, aone kwa macho yake trekta likienda kushoto. Kila mtu hushtuka. Mshtuko huo ndio somo lenyewe, na ni afadhali aupate hapo.

Mdogo wangu alikaa na plasta miezi mitatu. Amerudi kazini, ingawa mguu humuuma siku za baridi na amehamishiwa dawati la mapokezi. Likizo iliyofuata alikuja nyumbani akauliza trekta liko wapi. Mama alikataa asiliguse. Akamwambia, "Mama, siendi kuliendesha. Nataka kumfundisha mtoto wa shangazi kabla kaka hajampa."

Nilisimama pembeni nikawatazama wakishuka, yeye akichechemea kando ya trekta, kijana akishika mikono ya usukani. Jioni walilikwangua udongo pamoja. Kisha mdogo wangu akaniomba daftari la baba, akaandika tarehe, saa za kazi, na jina la kijana aliyefundishwa siku ile.