Tovuti Ilipozimika, Tukamlaumu Asiyehusika



Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi wetu wapenzi, leo tunataka kuwasimulia kosa letu wenyewe. Wengi wenu mnakumbuka kuwa katika mwezi wa Shaaban 1446, yaani Februari 2025, tovuti ya madrasa ilizimika siku tatu. Msilolijua ni nani aliyebebeshwa lawama, na kwamba lawama hiyo ilitoka kinywani mwetu.

Ilikuwa Alhamisi baada ya Alasiri. Mzazi mmoja wa hapa Buyenzi alitupigia simu akitafuta ratiba ya Ramadhani, akasema haoni kitu. Tukafungua wenyewe, tukakuta ukurasa mweupe wenye sentensi moja tu, kwamba tovuti imepata hitilafu kubwa. Ratiba haipo, matokeo ya mtihani hayapo, darsa hazipo. Na Ramadhani ilikuwa imebakiza wiki mbili tu.

Hatukuuliza sana. Kijana anayetusaidia kuitunza tovuti, tuliyemsomesha tangu alif na be, ndiye pekee aliyekuwa na neno la siri pamoja nasi. Tukampigia: "Umegusa nini tena?"

Akajibu, "Ustadhi, sijagusa kitu wiki nzima."

Tukamwambia vitu haviharibiki vyenyewe. Na tuliyasema hayo mbele ya walimu wawili, simu ikiwa kwenye spika. Akanyamaza. Usiku ule tukabadilisha neno la siri ili asiweze kuingia tena.

Kisha tukajifanya mafundi. Tukazima kompyuta na kuiwasha. Tukabadilisha simu. Tukanunua mega nyingine za intaneti tukidhani mtandao wetu ni dhaifu. Yote bure. Tungelijua maana ya namba iliyokuja na hitilafu ile, tungeliokoa pesa yetu. Seva inapojibu, hutoa namba. 404 maana yake ni kwamba ukurasa ulioombwa haukupatikana. Namba zinazoanza na 5 maana yake ni kwamba seva yenyewe imeshindwa kutimiza ombi, na 500 ni hitilafu ya ndani ya seva. Ugonjwa uko huko, haumo katika simu ya msomaji, wala mega haziuponyi.

Jumamosi asubuhi kijana akaja. Siku zile mafuta ya gari yalikuwa adimu mjini, akatembea kwa miguu kutoka Kinama. Hakuja kugombana. Alitoa salamu, akaketi mkekani, akafungua daftari lake. Humo huandika kila anachobadilisha katika tovuti, pamoja na tarehe. Mara ya mwisho ilikuwa siku kumi na moja nyuma.

Kisha akauliza kwa adabu, "Ustadhi, umefungua barua pepe ya tovuti?"

Hatukuwa tumeifungua. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress, programu inayoendesha tovuti yetu, ikipatwa na hitilafu kubwa humwandikia msimamizi barua pepe. Na anwani ya msimamizi ni yetu sisi, wala si yake. Tukafungua. Barua mbili zilikuwa zikitungoja, ya kwanza ya Alhamisi saa nane mchana. Ilitaja jina la programu-jalizi iliyoanguka, faili, hata mstari. Ushahidi wa kumsafisha kijana ulikuwa mikononi mwetu kabla hatujamtuhumu!

Kwa wasiojua, programu-jalizi ni kipande kinachoongezwa kwenye tovuti ili kuipa kazi mpya, na mara nyingi hutengenezwa na watu wengine kabisa. Yetu ilikuwa ya nyakati za sala. Hupewa latitudo na longitudo ya Bujumbura na pembe ya jua chini ya upeo wa macho, ikahesabu Alfajiri hadi Isha. Hesabu zake zilikuwa nzuri, lakini aliyeitengeneza alikuwa ameiacha miaka mingi bila kuihuisha. Wiki ile kampuni inayotuhifadhia tovuti ilihamisha seva kutoka PHP 7.4 kwenda PHP 8. Hilo lilikuwa jambo la haki, kwani toleo la 7.4 halipati marekebisho ya usalama tangu Novemba 2022. Ila programu-jalizi yetu ilitumia amri ya zamani iliyoondolewa katika PHP 8.0, mwaka 2020. Na kwa kuwa WordPress hupakia programu-jalizi zote zilizowashwa kabla ya kuonyesha ukurasa, moja ikianguka hivyo huangusha tovuti nzima.

Kijana akabofya kiungo kilichokuwa katika barua ya pili. Kiungo hicho hudumu siku moja tu, kile cha Alhamisi kilikuwa kimekwisha muda. Akaingia, akaizima programu-jalizi ile, na tovuti ikarudi. Dakika kumi hazikufika. Ratiba tukaiandika kwa mkono kama jedwali la kawaida, na ndiyo mliyoitumia Ramadhani ile.

Kwa ndugu wanaosimamia tovuti za madrasa nyingine, haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Uliza kwanza ni nini kimebadilika, kwako na kwa kampuni inayohifadhi tovuti.
2. Soma barua pepe ya msimamizi na faili la kumbukumbu za makosa kabla ya kugusa chochote.
3. Weka nakala ya akiba ya tovuti.
4. Ukishindwa kuingia, nenda kwenye mafaili ya seva ubadilishe jina la folda ya programu-jalizi unayoishuku. WordPress ikikosa kuiona, itaizima.
5. Usipojua ni ipi, zizime zote, kisha uwashe moja moja. Usiwashe mbili kwa pamoja, hutajua ipi ina kosa.

Tulipofika hilo la tano tuliona haya. Sisi tunaofundisha jinsi maulamaa wa hadithi walivyowachunguza wapokezi mmoja mmoja, huyu mkweli, huyu kumbukumbu yake dhaifu, tulimhukumu kijana wetu bila kuchunguza hata mmoja. Na aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inayotutaka tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, tumewahifadhisha watoto wenu mara ngapi?

Jumapili tuliwaita walimu wale wawili, tukamwomba kijana radhi mbele yao. Tuhuma ya hadharani haifutwi kwa radhi ya faraghani. Akasema amesamehe, Allah amlipe kheri. Tukamrudishia neno la siri. Lakini wiki mbili nzima kila tulipompigia simu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Ustadhi, kuna kilichoharibika?" Hapo tukafahamu kuwa tovuti ilipona ndani ya dakika kumi, lakini yeye bado.

Wazazi wenzetu, kitu kikivunjika nyumbani, kabla ya kutaja jina la mtoto, angalieni kwanza kama barua haiko mikononi mwenu.

Wabillahi tawfiq.