Barua za Kambo wa Mpala

Msafiri anayetoka Kalemie kwenda Mpala kwa njia ya ziwa huwa na milima mkono wa kuume, na mkono wa kushoto maji matupu mpaka macho yachoke. Ni mwendo wa kadiri ya kilomita 90 kuelekea kusini. Mimi niliufanya mwendo huo mwezi wa saba, shule zilipokuwa zimefungwa, ndani ya boti la mbao lenye moteri, pamoja na akina mama wachuuzi, magunia ya chumvi, mabati ya nyumba, na mbuzi mmoja aliyelia usiku kucha. Katika mfuko wa koti langu nilikuwa na barua moja. Habari ya barua hiyo ndiyo nataka kuwasimulia, wasomaji wapenzi, maana ilinifundisha jambo ambalo sikulipata shuleni.

Wengi wenu mmejifunza darasani kwamba Tanganyika ni ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 670, na kwamba kina chake chafikia meta 1470. Nchi nne zalizunguka: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Lakini aliyelisoma kitabuni tu hajajua ukali wake. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huamka mchana, mawimbi hupanda, na nahodha mwenye akili hungojea usiku utulie. Sisi tuliondoka saa mbili ya usiku. Mbali kidogo na pwani tuliona taa za wavuvi, nyingi kama mishumaa ya usiku wa Pasaka. Ndagala hufuata mwanga, wakakusanyika chini ya taa, na wavu huwapandisha kutoka chini. Usiku wa mwezi mpevu taa hazina nguvu, basi wavuvi hulala nyumbani na kushona nyavu zao.

Jua lilipokwisha kupanda tuliona mlango wa mto Lufuko, na Mpala mbele yetu. Hapo Kapiteni Storms, Mbelgiji, alijenga boma mwaka 1883. Mwaka 1885 boma hilo likakabidhiwa Mapadri Weupe, likawa misioni. Mwaka 1887 akaja Kapiteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, kuwalinda watu na wawindaji wa watumwa. Huyo alioa katika nchi hii, na akafia katika nchi hii mwaka 1927. Naye Padri Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917 huko Baudouinville, mji tunaouita sasa Moba, alisoma Mpala katika ujana wake. Katika miaka ile ya mwanzo barua ya mmisionari kwenda kwao ilichukuliwa na wapagazi kwa miguu hadi pwani ya Bahari ya Hindi, kisha ikapakiwa melini. Miezi mingi ilipita. Mama mzazi huko Ulaya alipoifungua, hakujua kama mkono ulioiandika ungali hai. Niliwaza habari hiyo niliposhuka majini hadi magotini, viatu mkononi, na barua yangu nimeiinua juu ya kichwa.

Huku kwetu nyanya twamwita Kambo. Kambo wangu, mama mzazi wa mama yangu, anakaa karibu na pwani, katika nyumba ya matofali aliyoachiwa na marehemu mume wake. Aliponiona alicheka, akasema, “Bwana wangu amekuja! Amenikumbuka mke wake mzee!” Kwa maana kati ya Kambo na mjukuu wa kiume utani huo hauna haya. Akanipokea mfuko, akanipa maji ya kunawa, akauliza habari za wote, mmoja mmoja. Ya mwisho akauliza, “Na barua?” Nikasema, “Ipo, Kambo.” Akasema, “Vema. Baada ya rozari.”

Siku ya Kambo ina mpango kama siku ya watawa. Jogoo wa kwanza humkuta ameketi kitandani akifanya ishara ya msalaba. Hufagia uwanja, kisha huenda kanisani. Padri akiwapo, husikia Misa. Asipokuwapo, katekista huongoza sala. Akitoka huko huteremka pwani na beseni yake kununua ndagala wa usiku ule. Huwatandaza juani, huwageuza, huwafukuzia kuku, na kuwachambua waliovunjika. Waliokauka vema huuzwa kwa wachuuzi wa Kalemie. Waliovunjika ni mboga yake. Mchana hushughulika na mihogo: hii imeloweshwa tangu siku tatu, ile imeanikwa, nyingine yangojea kinu. Jioni husonga bukari, huipakua pamoja na sombe, na watoto wa jirani huja bila kuitwa. Macho yake yamefunikwa na ukungu wa uzee, lakini mikono yajua kila kitu kilipo.

Zamani Kambo alijua kusoma. Alifundishwa na katekista, alipokuwa akijitayarisha kwa Komunyo ya kwanza. Sasa herufi zimemkimbia, naye husomewa. Barua zote alizopata tangu ujana wake zimo katika kopo la biskuti, chini ya kitanda. Kila mtoto ana fungu lake, limefungwa kwa uzi wa rangi yake, ili vidole vilitambue hata gizani. Simu ya mkononi ameijua, lakini haipendi. Asema, “Simu ikinyamaza, mkononi hapabaki kitu.”

Jioni ile, kabla ya rozari, alinionyesha fungu la mama mdogo, kitinda mimba wake. Juu kabisa palikuwa na karatasi nyepesi yenye alama ya Msalaba Mwekundu. Mwaka 1999, wakati wa vita, mama mdogo alivuka kwenda Zambia pamoja na wengi wa pwani hii, akakaa katika kambi ya wakimbizi ya Mwange. Miaka ile hapakuwa na njia nyingine ya kupata habari ila karatasi hizo za Msalaba Mwekundu. Hazifungwi kwa gundi, maana yapasa zisomwe njiani. Na habari za jamaa tu ndizo zinazoruhusiwa, basi. Karatasi ile ya mwaka 2003 ilikuwa na mistari michache: “Mama, sisi tu wazima. Nimezaa mtoto wa nne, msichana. Amepewa jina lako. Tuombee.”

Kambo aliishika kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto. “Huyu,” akasema, “nilimjua kwa karatasi kabla ya kumwona kwa macho.” Mwaka 2007 wakimbizi walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Mpulungu hadi Moba, Kambo alikwenda Moba, akangoja gatini siku mbili. Msichana huyo aliposhuka alikuwa na umri wa miaka minne, akamkimbilia bila kuonyeshwa. Baadaye mama mdogo alihamia Lubumbashi, na msichana akakua huko, akaanza kujifunza kazi ya uuguzi.

Sasa yanipasa kuungama. Msichana huyo, ambaye ni dada yangu mdogo kwa ukoo, alikuwa amekufa mwezi wa nne kwa homa kali. Mama mdogo alikuwa ameyaandika yote katika barua niliyoichukua. Lakini huko Kalemie wajomba zangu walikutana, wakaniagiza: “Moyo wa Mama ni dhaifu. Msomee ukurasa wa kwanza na wa tatu. Ule wa pili uruke. Tutamwambia sisi wenyewe, wakati wake.” Nami niliitika. Mjomba akisema, mpwa hajibu.

Tulimaliza rozari. Kambo akawasha taa, akaketi mkekani, akafumba macho ili asikie vizuri. Nikasoma ukurasa wa kwanza: salamu katika jina la Yezu na Maria, bei ya unga, mvua zilivyokawia, baba mdogo alivyopata kazi na kuipoteza. Nikageuza karatasi mbili pamoja. Nikasoma salamu za mwisho, nikanyamaza.

Kambo hakufumbua macho. Alinyosha mkono wake wa kushoto, akaanza kuhesabu kwa vidole. “Mkubwa amenisalimu. Wa pili amenisalimu. Wa tatu amenisalimu. Wa tano amenisalimu.” Kidole cha nne alikuwa amekikunja. “Tangu kambini, binti yangu hajaandika barua bila kuwataja watoto wote kwa kupangana kwao. Wa nne yuko wapi?”

Nikasema kwamba labda mama mdogo amesahau.

Akaniita kwa jina la kazi yangu, si la utani. “Mwalimu, mama hasahau katikati. Soma ulipoparuka.”

Nikasoma. Sauti yangu haikuwa na nguvu, lakini nilisoma kila neno: siku aliyougua, hospitali, usiku wa tatu, padri aliyefika kwa wakati na kumpaka mafuta matakatifu. Ukurasa huo uliishia hivi: “Mama, sijui kusimama tena. Uliwazika wanao wawili, ukasimama. Niandikie namna ulivyofanya.”

Kambo alilia kwa sauti, na jirani wakaja. Usiku ule hatukulala. Wanawake waliketi naye mkekani, katekista akaja kuongoza sala, wanaume wakawasha moto uwanjani. Moyo wake, ambao wajomba waliuogopea, haukusimama. Ulibeba, kama ulivyokwisha kubeba mengine.

Karibu na mapambazuko aliniita. Nilidhani atanikaripia kwa uwongo wangu. Alisema hivi tu: “Miezi mitatu nimemwombea ashinde mtihani. Kila asubuhi nimetaja jina lake kati ya wazima, kumbe yeye alihitaji sala ya marehemu. Nani alinipa ruhusa ya kumnyima? Na mama yake ameniuliza swali, naye amengoja miezi mitatu bila jibu. Ninyi mlifikiri mnanihurumia mimi.”

Sikuwa na neno la kujibu. Katika seminari nilifundishwa kwamba kuwaombea marehemu ni tendo takatifu, na kwamba amri ya nane yakataza uwongo hata ule unaovaa nguo za huruma. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa mafundisho hayo. Lakini kwenye mkeka wa Kambo nilifeli.

Siku ya tatu akaniambia nichukue kalamu. Jibu lake halikuwa refu. Alimweleza binti yake jinsi alivyofanya alipowazika wanawe: kwamba siku ya kwanza hakufanya kitu; siku ya pili alikunywa uji kwa sababu jirani alimshika kikombe; siku ya tisa alifagia uwanja, na tangu siku hiyo ameufagia kila asubuhi. “Usingoje uzito uondoke ndipo usimame. Simama nao.” Kisha akaongeza habari za nyumbani, kama kawaida: kwamba paa lavuja upande wa jikoni, kwamba ndagala ni wachache mwezi huu, kwamba kuku mweupe ameangua saba, kwamba Misa ya marehemu imeombwa na itasomwa padri atakapofika. Nilitaka kuyaacha hayo ya kuku, nikidhani hayafai katika barua ya msiba. Akanikataza. “Andika. Akisoma habari za kuku atajua kwamba mimi bado ni mzima.”

Mwishoni aliwasalimu wajukuu wote kwa kupangana kwao: mkubwa, wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne alisema, “Andika jina lake, na baada yake: apumzike kwa amani.” Ndipo akamtaja wa tano. Niliuweka mkono wake juu ya karatasi, naye akachora msalaba mdogo, ambao ndio sahihi yake sasa. Barua ya mama mdogo ikaingia katika kopo, kurasa zote tatu, na uzi wake ukafungwa.

Niliporudi Kalemie nilikwenda kwanza kwa wajomba zangu, nikawaeleza yote. Mkubwa wao alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, “Alikula?” Nikasema alikula. Akasema, “Basi, sisi ndio tulioogopa.” Siku iliyofuata wawili kati yao walitafuta nafasi katika boti la Mpala, wakamlilie mtoto pamoja na mama yao.

Wasomaji wapenzi, na ninyi wanafunzi hasa, wengi wenu mna Kambo mahali fulani, katika kijiji cha pwani au cha mlimani, anayesomewa barua na mtoto wa jirani. Mwandikieni, wala si siku ya kuomba karo tu. Mwambieni habari ndogo za kila siku, maana hizo ndizo anazoweza kuzishika. Watajeni wote, mmoja mmoja, kwa kupangana kwao. Na msiba ukiwapata, msimfiche. Mtafutieni mtu mwema wa kumsomea, jirani wa kuketi naye, na padri au katekista wa kusali naye, lakini mwambieni. Mzee aliyewalea katika furaha na katika machozi ana haki ya kulia nanyi, na sala yake ni mali ya jamaa nzima.

Na wewe unayesoma barua kwa niaba ya wengine, mwalimu mwenzangu, usigeuze karatasi mbili pamoja.