Vita Vilivyobaki Kichwani

Wajukuu zangu,

Mambo ya shamba na nyumba nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, anayo bibi yenu, na mashahidi wameshatia saini. Karatasi hii ni ya jambo lisilogawiwa kwa mafungu. Juzi mlikuwa sebuleni taarifa ya habari ikisomwa, mmoja wenu akasema bora hao wakubwa wapigane kwa nyuklia moja kwa moja yaishe, wenzake mkacheka. Sikuwakatiza. Pumzi yangu siku hizi haitoshi kubishana, na kalamu ina subira kuliko nyinyi. Basi nawaambia kwa kalamu: hayaishi. Wanaokufa ndio peke yao wanaomaliza.

Tuanzie Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, ndege moja iliangusha bomu moja. Hadi mwaka ule unakwisha, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Nagasaki, wakafa wengine wapatao 70,000. Hayo shuleni mlisomeshwa. Sidhani kama mlisomeshwa habari ya maji.

Walioungua walikuwa wakiomba maji. Waliomba barabarani, waliomba kwenye vifusi, wengine walijikokota hadi kando ya mito ya mji ule wakafia humo. Na ilikuwa imeenea kauli kwamba mtu aliyeungua vibaya ukimpa maji anakufa. Kwa hiyo wengi waliombwa wakakataa, na aliyeomba akafa na kiu yake. Wengine walitoa, mgonjwa akanywa, akashukuru, akakata roho palepale. Mmoja anajilaumu kwa kunyima, mwenzake anajilaumu kwa kutoa. Baadhi yao walikuwa watoto wa rika la mdogo wenu wa mwisho, na wamezeeka na lawama hiyo. Hadi leo, kila tarehe 6 Agosti, katika ibada ya kumbukumbu mjini humo, wafu hutengewa maji.

Mwaka 1962 daktari wa magonjwa ya akili kutoka Marekani, Robert Jay Lifton, alikwenda Hiroshima kuzungumza na manusura. Ilikuwa imepita miaka 17, mji umejengwa upya, watu wana kazi na watoto. Walimweleza kwamba siku ile, muda mfupi tu baada ya mlipuko, waliacha kuhisi. Macho yaliona kila kitu, moyo umekufa ganzi. Ganzi ile iliwaokoa, maana mtu angehisi yote aliyoyaona asubuhi ile angepotewa na akili saa hiyo hiyo. Tabu ni kwamba ilipokwisha kazi yake haikuondoka. Walimweleza pia juu ya hatia ya kubaki hai. Mtu alimwacha mzazi amebanwa na boriti, moto unakuja, akakimbia. Boriti yenyewe isingenyanyuliwa hata na wanaume watano, anajua hivyo, na kujua hakumsaidii.

Niliposoma habari hizo ndipo nilipoanza kumwelewa baba yangu, yaani babu yenu mkuu. Alikuwa Keya, yaani askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Alirudi na medali na blanketi, na simulizi yake yote ya vita ilikuwa maneno mawili: mvua na matope. Alilala ameketi, mgongo ukutani. Sisi watoto tulidhani ndivyo askari wanavyolala.

Na mimi nina vyangu. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na hadi Kampala inaanguka tarehe 11 Aprili 1979 nilikuwa nimeshayaona ya kutosha. Hamtayapata hapa. Nitasema moja tu. Makombora yetu ya kurushwa kwa mfululizo, ambayo Waganda waliyaita Saba Saba, yalikuwa na mlio unaotangulia, na mlio ule ndio uliowakimbiza watu kabla kombora halijafika. Tuliokuwa upande wa kuyarusha tulishangilia. Lakini sikio halijui upande. Mwenzangu wa kikosi, mnamfahamu, yule mzee wa kule bondeni mnayemcheka kwa kukata matawi ya mwembe yaliyoelekea nyumbani kwake hata kabla ya msimu. Embe bolibo likidondoka usiku juu ya bati, yeye anajikuta sakafuni, chini ya kitanda, na mkewe anamwita kwa jina polepole mpaka arudi. Zaidi ya miaka arobaini sasa. Ndiyo maana hakati kuni, anakata matawi.

Hata hivyo sisi wa Kagera tuna nafuu moja ambayo mtu wa Hiroshima hakuwa nayo. Risasi ikikukosa, imekukosa. Ukivuka mpaka kurudi nyumbani, imebaki kule. Mionzi ya bomu lile haikuwa hivyo. Mtu alitoka mzima, hana hata mchubuko, akafa baada ya wiki kadhaa nywele zikinyonyoka na madoa ya damu yakitokeza kwenye ngozi. Waliopita hapo wakaja kuona saratani ya damu ikiongezeka miaka ya mwanzo, kisha saratani nyingine baadaye. Sadako Sasaki alikuwa na miaka 2 bomu lilipoanguka. Alikua vizuri, shuleni akawa hodari wa mbio, akafa mwaka 1955 kwa saratani ya damu, ana miaka 12. Fikirini ilikuwaje kwa wazazi wengine wote wa mji ule. Kila homa ya mtoto, kila doa jekundu mkononi, mtu anajiuliza: ndiyo yenyewe?

Ikafuata aibu, ambayo mimi naiona ilikuwa dhuluma ya pili. Waliopigwa na bomu walikwepwa kwenye ajira. Uchumba ulivunjwa ikijulikana binti alikuwa Hiroshima, kwa kuogopa atazaa watoto wenye kasoro. Wako waliowaficha hata waume zao. Utafiti wa miaka mingi juu ya watoto waliozaliwa baadaye haujaonyesha wazi kwamba madhara yale yanarithiwa, lakini mshenga hasubiri utafiti. Na wakati wanahitaji zaidi kusema, hawakuruhusiwa: jeshi la Marekani lililoikalia Japani liliwabana waandishi na wachapishaji juu ya habari za bomu kwa miaka kadhaa. Shirika lao la nchi nzima, Nihon Hidankyo, liliundwa mwaka 1956, na lilipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2024 wengi wa waanzilishi walikuwa wameshazikwa.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda katika habari hizi, kama ni halali kusema kupenda. Mwaka 1974 mzee wa miaka 77 alikwenda katika kituo cha televisheni cha NHK pale Hiroshima akiwa na mchoro. Alikuwa amechora alichokiona siku ile. Hakuwa mchoraji. Kituo kikawaomba na wengine walete, ikaletwa michoro zaidi ya 2,000, mingine imechorwa kwa kalamu za rangi za watoto, na pembeni wameandika maelezo pale mkono uliposhindwa. Karibu miaka thelathini walikuwa nayo vichwani. Hawakukosa la kusema. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Msije mkadhani hayo ni mambo ya Wajapani. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, karibu na mji unaoitwa leo Likasi. Tani zipatazo 1,200 za mawe yale zilikuwa zimeshawekwa kwenye ghala Staten Island, New York, kabla Wamarekani hawajajua wanazihitaji. Migodi ya Katanga iliendeshwa kwa Kiswahili kati ya wanyapara na vibarua. Walichimba kwa mikono, na hakuna aliyewaambia wanachimba nini wala jiwe linakwenda wapi. Siwatwishi lawama, nawaambia tu kwamba jambo hili lilianzia jirani, kwa lugha hii hii ninayowaandikia. Na sisi Watanzania urani tunayo, kule Namtumbo.

Leo duniani kuna vichwa vya nyuklia takriban 12,000, mikononi mwa nchi tisa. Afrika hatuna, na hilo halikutokea lenyewe: Afrika Kusini iliyatengeneza mabomu sita, ikayavunja, na mwaka 1996 bara letu likatia saini Mkataba wa Pelindaba wa kuyakataa. Mtu akiwaambia silaha hizo ni heshima ya taifa, mwambieni kuna taifa lililokuwa nazo likaziacha na halikufa.

Sasa maagizo. Mtu aliyetoka vitani, awe mkimbizi wa Kongo mnayepanga naye nyumba moja mjini au mzee wa hapa kijijini, msimwambie yameshapita. Msimlazimishe kusimulia mkitaka stori ya kuweka kwenye simu. Kaeni naye. Akianza, msimkatishe kwa pole. Pole za haraka ni namna ya kumnyamazisha mtu. Akishindwa kulala miezi na miezi, mpelekeni kwa daktari wa akili kama mnavyompeleka mwenye kisukari, na mwambieni jirani yeyote anayeuliza kwamba ndiko mlikotoka. Dawa na mazungumzo vinasaidia, si mara zote, ila vinasaidia. Wakati wangu tulipewa paredi.

Medali zangu gawaneni mnavyotaka. Daftari lenye jalada la kijani ni la mjukuu mwalimu. Asilichape mpaka awe amewatafuta watoto wa niliowataja humo.

Na siku ya arobaini yangu yule mzee wa bondeni atakuja, hata kama miguu haitaki. Msimkalishe mbele kwenye mkeka wa wageni kwa heshima. Mwekeeni kiti pembeni, mgongo ukutani, mahali anapouona mlango. Na waambieni vijana wa jikoni wasitupe masufuria.

Babu yenu