Tusi Lililomo Kitabuni



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita mjukuu wangu wa miaka 13 alinitaka niiandikie skuli barua kuwa anaumwa, naye mzima. Nilipombana alieleza. Darasani wanasoma Of Mice and Men, riwaya ya John Steinbeck ya mwaka 1937, na wanafunzi huisoma kwa sauti, kwa zamu. Humo yumo Crooks, mtunza farasi katika shamba la California, ambaye wenziwe humwita kwa lile tusi wanalotukanwa watu weusi. Kila lilipotamkwa, macho ya darasa zima yalimgeukia mjukuu wangu, aliye mweusi peke yake.

Usiku ule nilikisoma kitabu upya. Si kitabu kibaya. Crooks haruhusiwi kuingia bwenini wanamolala wazungu. Hulala peke yake penye hatamu na matandiko ya farasi, na miongoni mwa vitabu vyake kimo cha sheria za California cha mwaka 1905. Anamiliki kitabu cha sheria, na sheria haimlindi! Mke wa mwana wa mwenye shamba anapomtishia kwamba anaweza kusababisha anyongwe mtini, Crooks hunywea hata akawa kama hayupo. Tusi likifutwa, msomaji hatajua ni nini kilichomnywesha. Mwaka 2011 mchapishaji mmoja wa Marekani aliliondoa tusi hilohilo katika riwaya ya Huckleberry Finn, akaweka neno lenye maana ya mtumwa. Nasi tunajua kuwa “mtumwa” nalo si neno jepesi.

Watoto wetu tunawasimulia jinsi Abu Dharr alivyomtukana mtu kwa ajili ya mama yake, na Mtume (S.A.W.) akamkaripia kuwa ndani yake bado umo ujahili. Tusi lile limehifadhiwa kwa karne 14, wala halisimuliwi bila ya karipio lake. Darasa la mjukuu wangu lilipewa tusi tupu.

Ningeishia hapa, lau si jambo moja. Katika ujana wangu, nikisomesha kwetu, tulisoma Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978. Mtumishi wa mle anaitwa Kijakazi, na maana ya jina hilo mnaijua. Wiki haikwisha, msichana mmoja ambaye bibi yake alikuwa akifua nguo majumbani mwa watu akabandikwa jina hilo. Nililisikia uwanjani, nikanyamaza. Siku moja, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao. Muhula uliofuata hakurudi, wala sikuuliza kwa nini.

Barua niliyoiandikia skuli ya mjukuu wangu si ya ugonjwa. Sikuomba kitabu kiondolewe. Nimeomba tusi lisitamkwe kwa vinywa vya watoto, na kabla ya kurasa zile darasa lielezwe neno hilo lilitumiwa kumfanya mtu nini. Mwalimu wake amenijibu kwa heshima, na tumekubaliana tuonane.

Kisa cha msichana yule nimemsimulia mjukuu wangu pia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: “Na yeye, umemwandikia?”

Sijamwandikia. Nasikia anaishi nchi hizihizi, na huenda jarida hili humfikia. Jina lake silitaji hapa, akisoma atajijua.